Marimba ya Mtu Mmoja

Kesi ya mwenzangu ilitoka mwaka juzi. Wengi wenu mnajua mambo yanavyokwenda: leo mko wawili, kesho mmoja wenu ana ule mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake zote, keshokutwa yuko angani. Mimi nilibaki na fimbo nne. Mbili zangu, mbili zake.

Fimbo hizo ni za kupigia amadinda, marimba ya Kiganda. Tulijifunza wote wawili Kampala, kwenye kikundi cha vijana, sisi watoto wa Uvira ambao nyumbani tulijua gitaa na kwaya tu. Na amadinda ina ubaya mmoja: haipigwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako unapiga nusu ya wimbo, na nusu ya wimbo wa amadinda ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu. Unasikia "ndiyo", "hapana", "lini?", lakini wanaongea nini, hujui.

Sasa niko Nagongera, wilaya ya Tororo, nasomea ualimu wa hesabu kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Busitema. Nina kompyuta ya mitumba na usiku mrefu. Basi nikafanya kile ambacho vijana wetu wengi wanafanya siku hizi: nikatafuta mashine ya kukaa kwenye nafasi ya mtu. Kwa karibu mwaka mzima nimejaribu programu za muziki unaojizalisha, zile ambazo huzipi wimbo bali unazipa masharti, halafu zenyewe zinatunga. Hapa nataka kusema nilichoona. Siyo tangazo, wala siyo laana. Ni hesabu ya mtu aliyekwenda kumtafuta mwenzake ndani ya kompyuta.

Kwanza tuelewane hii ni kitu gani. Sikwensa ya kawaida ni daftari la miraba. Unaweka alama kwenye mraba wa kwanza, wa tano, wa tisa na wa kumi na tatu, na ngoma inalia hapohapo mpaka umeme ukatike. Sikwensa ya kujizalisha inaongeza neno moja: labda. Hapa piga labda, mara 7 kwa 10. Hapa chagua noti yoyote kati ya hizi tatu. Hapa zungusha noti 5 juu ya ngoma ya mapigo 8, tuone zitaanza tena pamoja lini. Ukiwa na masharti manne au matano ya namna hiyo, unaweza kwenda kupika, kula na kuosha vyombo, na ukirudi bado kuna muziki ambao hujawahi kuusikia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Ulaya ya karne ya 18 waliuza michezo ya kutungia nyimbo kwa kurusha dadu, na mmoja ulichapishwa kwa jina la Mozart. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza Brian Eno alitoa Music for Airports. Humo alitumia vipande vya kanda vya urefu tofauti, kila kimoja kikizunguka kwa muda wake, ili visikutane kwa namna ileile. Mwaka 1996 akatoa Generative Music 1 kwenye disketi. Ndani yake hamkuwa na nyimbo zilizorekodiwa. Mlikuwa na maagizo, na programu iitwayo Koan iliyasoma na kutoa muziki tofauti kila mara. Jina la muziki wa kujizalisha limeenea kwa ajili yake kuliko mtu mwingine.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza ukifungua programu.

Fungua sikwensa yoyote ya kawaida. Kabla hujagusa kitu, imeshaamua mambo matatu kwa niaba yako: mapigo 120 kwa dakika, miraba 16, na noti 12 za piano. Kila nikiuona ukurasa huo nakumbuka fomu. Nyote mmeshajaza fomu. Mimi nina majina matatu na hakuna hata moja la ukoo, maana nyumbani kwetu kila mtoto anapewa lake. Karani mmoja mwenye haraka akachagua moja, akaliweka kwenye kisanduku cha ukoo, na tangu siku hiyo mimi na mdogo wangu wa tumbo moja siyo ndugu kwenye karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Fomu ilikuwa na kisanduku, na kisanduku lazima kijae.

Noti 12 ni kisanduku cha aina hiyo. MIDI, lugha ambayo vyombo vya umeme vinaongea tangu 1983, inahesabu noti kuanzia 0 hadi 127 kama funguo za kinanda. Ukitaka kujua nini kinapotea, piga hesabu kidogo pamoja nami. Umbali kati ya noti hupimwa kwa senti. Oktava nzima ni senti 1200, na hatua moja ya piano ni senti 100. Amadinda inaigawa oktava karibu sehemu tano zilizo sawa, yani senti 240 kila moja. Kutoka noti ya kwanza utapata 240, 480, 720, 960. Piano inachoweza kukupa jirani na hapo ni 200, 500, 700, 1000. Noti moja imeshuka kwa 40, inayofuata imepanda kwa 20, ya tatu imeshuka kwa 20, ya nne imepanda kwa 40. Nilipopiga kwa sauti ya piano wimbo tuliouzoea na mwenzangu, nilidhani nimeusahau. Kumbe sikuusahau. Ulikuwa umesajiliwa vibaya.

Ndiyo maana nilifurahi kukutana na Leimma na Apotome. Ni programu mbili zinazokwenda pamoja, zilitoka mwaka 2021, kazi ya Khyam Allami, mwanamuziki aliyezaliwa Damascus kwa wazazi wa Iraki, akishirikiana na studio ya Counterpoint. Zinafunguka kwenye kivinjari, hulipi kitu. Kwenye Leimma unatengeneza mpangilio wako wa noti, hata kama hakuna piano duniani inayoujua. Apotome inachukua mpangilio huo na kutunga nao. Nikaandika zile sehemu tano, nikabonyeza, na kwa mara ya kwanza kompyuta ikatoa sauti ambayo mtu aliyekaa mbele ya amadinda angegeuka kuiangalia.

Hiyo ni sifa kubwa na sitaipunguza. Mtu aliyejua maana ya kukosa kisanduku amekaa chini akatengeneza fomu ambayo visanduku vyake unavichora mwenyewe. Lawama yangu ya kwanza hata siyo yake, ni yangu: sehemu zangu tano zilikuwa sawa mno. Marimba ya kweli inatokana na mti, shoka na sikio la fundi, na hakuna marimba mbili zinazolingana kabisa. Programu inaruhusu kusogeza kila noti kidogo, ni mimi niliyekuwa mvivu. Lawama ya pili ndiyo iliyonikaa kichwani. Niliweka sauti mbili, ya omunazi na ya mwenzake, kila moja na masharti yake, nikasubiri zianze kuongea. Hazikuongea. Kila moja ilikuwa inacheza bahati nasibu yake. Zikipishana vizuri, ni bahati. Zikigongana, ni bahati. Dakika kumi za kwanza ni tamu. Baada ya hapo ni mvua kwenye bati: haijirudii hata mara moja, na haisemi jambo jipya.

Nikasema basi, tatizo ni hiyo "labda". Nirudi kwenye hesabu, hesabu haibahatishi.

Kuna kanuni moja ambayo kila mwalimu wa hesabu anaifundisha: njia ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta wa Kanada, alionyesha kwamba njia hiyohiyo inaweza kusambaza mapigo ndani ya mzunguko kwa usawa kadiri inavyowezekana. Mapigo 3 katika nafasi 8, mapigo 5 katika 8, mapigo 7 katika 12. Na kinachotoka ni midundo ambayo watu wa Afrika Magharibi, Karibiani na kwingineko wamekuwa wakipiga siku zote. Kanuni aliyoitumia ilikuwa imeshaandikwa kwa ajili ya mtambo wa nyutroni, ambao ulihitaji kugawa mapigo yake ya umeme kwa usawa. Nilisoma habari hiyo nikasimama peke yangu chumbani kama mtu aliyefunga goli. Leo sikwensa nyingi za kujizalisha zina kitufe cha Euclid.

Nilikitumia kitufe hicho miezi miwili. Kinatoa shanga nzuri zilizopangwa kwenye uzi uliofungwa mduara. Shida ni kwamba hakikuambii fundo liko wapi. Chukua mapigo 7 katika 12. Ukianza kuhesabu kwenye ushanga huu, una mdundo mmoja. Ukianza kwenye ule wa pili, una mdundo mwingine kabisa, na mguu unashuka mahali pengine. Toussaint mwenyewe ilibidi aizungushe midundo kadhaa ili ilingane na ile inayopigwa na watu. Hesabu inajua nafasi ziko ngapi, lakini "moja" iko wapi haijui. Anayejua ni mchezaji, na anajua kwa mguu.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kitu ambacho nilikuwa nimefundishwa Kampala bila kukielewa. Kwenye amadinda, "moja" siyo moja. Ziko mbili.

Niwaeleze wasioijua. Amadinda ni vibao 12 vilivyolazwa juu ya migomba miwili. Upande mmoja anakaa omunazi, anayeanza. Mkabala naye anakaa omwawuzi, ambaye kila pigo lake linaanguka katikati ya mapigo ya yule wa kwanza. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa: kazi yake ni kusikiliza kinachoangukia vibao viwili vya chini kabisa na kukirudia huko juu. Mwalimu wetu alikuwa akituambia: usihesabu ya mwenzako, hesabu yako. Yani omunazi anaona pigo lake ndilo la mguu na la mwenzake ni la katikati, na omwawuzi anaona kinyume chake, wakati mmoja, kwenye vibao vilevile. Ukikubali kuwa wewe ndiye wa katikati, unaanguka. Ukimlazimisha mwenzako awe wa katikati, mnaanguka wote.

Na anayesikiliza kando hasikii cha huyu wala cha yule. Mapigo yanakwenda kasi mno, sikio linazikusanya noti za juu peke yake na za chini peke yake, na ghafla kuna wimbo ambao mkono wa mtu yeyote pale haukuupiga. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, mpiga marimba wa ikulu ya Kabaka, aliandika juu ya nyimbo hizo zinazozaliwa sikioni mwaka 1962. Kabla yake, mwaka 1955, Joseph Kyagambiddwa alikuwa ameshachapisha kitabu kizima cha muziki wa Baganda. Kwa hiyo muziki unaojizalisha haukuja Uganda na kompyuta. Ulikuwepo, ni wa mbao, na ndani yake hamna "labda" hata moja. Kila pigo limepangwa. Kinachozaa ule wimbo wa ziada ni watu wawili wanaoachiana nafasi bila kukosea.

Msidhani nasema haya ili niidharau mashine. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilivamia ikulu ya Kabaka, Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, wapiga muziki wa ikulu wakatawanyika, vyombo vikaharibika. Kwa wasomaji wa kijitabu hiki sina haja ya kueleza kundi la wanamuziki linatawanyika vipi. Nyimbo zilipona kwa sababu watu kama Muyinda waliendelea kuzifundisha, na pia kwa sababu zilikuwa zimeandikwa. Angalia Kubik alivyoziandika: tarakimu 1 hadi 5, na nukta mahali pa ukimya. Mistari miwili, wa huyu na wa yule. Mpe kijana yeyote anayetumia sikwensa karatasi ile, atakuambia hii ni sikwensa. Kwa hiyo kumbukumbu ya tarakimu imeshawahi kuwafaa watu waliotawanyika. Ila tarakimu hazikupiga muziki. Zilisubiri watu wawili wakae chini.

Nagongera siyo Buganda. Hapa ni kwa Wadhola, na marimba yao inaitwa ndara. Sijifanyi mtaalamu wake. Nimeisikia harusini na kwenye matanga, watu kadhaa mbele ya vibao vilevile, kila mmoja na sehemu yake. Mzee mmoja anayekaa ng'ambo ya reli anaipiga tangu ujana wake. Nilimwomba anisaidie kujaribu jambo. Nikapanga kwenye kompyuta sehemu rahisi ya mtu wa kwanza, kwa noti nilizozipima kwenye ndara yake mwenyewe, nikaitoa kwenye spika ya bluetooth, nikamwomba aingie.

Aliinamisha kichwa kidogo, akaingia. Hakuhangaika hata kidogo. Kwa dakika moja nilidhani nimefaulu. Halafu akaanza utani: akaruka pigo moja makusudi, akaitazama spika. Spika ikaendelea. Akaruka mawili, akacheka, akaitazama tena. Ikaendelea. Akaweka fimbo chini.

"Huyu mtu wako, nikianguka atajua?"

"Hapana, mzee."

"Na nikipiga vizuri, atajua?"

"Hapana."

"Sasa mimi nampigia nani?"

Sikukubali kushindwa haraka. Nikamwambia, lakini mzee, hata anayeanza hatakiwi kuyumba, anatakiwa awe kama ukuta, si ndiyo? Akasema ni kweli, hayumbi. "Hayumbi, lakini anakuangalia."

Nilirudi nyumbani na neno hilo na nimelikagua kwa muda mrefu, kwa sababu mkosoaji naye lazima ajikosoe. Nilikuwa tayari kuandika kwamba mashine ina kosa la kutoyumba. Lakini mwenzangu naye alikuwa hayumbi. Alipokuwa omunazi, ungeweza kumpigia saa. Nilipopotea aligonga kwa nguvu kibao kimoja, kilekile, mpaka nikakiona kama taa ya nyumbani. Nilipotulia aliongeza kasi bila kuniuliza, kwa kuwa alishasikia kwamba naweza. Kati ya kutoyumba na kutosikia kuna tofauti, na programu zote nilizojaribu ziko upande mmoja wa tofauti hiyo.

Iliyobaki ni Orca. Imetengenezwa na Hundred Rabbits, watu wawili wanaoishi na kufanya kazi kwenye jahazi. Umeme wao ni wa kubana, kwa hiyo programu zao ni nyepesi. Sisi wa betri na sola tunawaelewa bila maelezo. Orca haitoi sauti yenyewe, inatuma maagizo kwa programu nyingine au kinanda. Ukiifungua unaona uwanja wa nukta tu. Unaandika herufi, na kila herufi ina kazi: C inahesabu, D inapiga kila baada ya muda fulani, R inachagua kwa bahati, U ni yule Euclid wetu. Nukta ni mahali patupu. Herufi zote zinasomwa pamoja kila hatua, saa ni moja, "moja" ni moja. Kwa hiyo kwenye jambo kubwa, Orca inashindwa kama wenzake. Lakini kufikia hapo nilishaacha kuilaumu programu kwa jambo hilo. Ile "moja" ya pili haipo hata kwenye vibao vya amadinda. Iko mwilini mwa mtu wa pili. Ukiitafuta kwenye kompyuta utazeeka.

Basi kipimo changu kikabadilika. Nilikuwa nauliza: je, inatunga vizuri? Sasa nauliza maswali mawili. Je, inajua kuacha nafasi? Na je, naweza kumpa mwenzangu? Kwa kipimo hicho Apotome, pamoja na sikio lake zuri, kwangu inakuja ya pili. Inakuvutia ujaze, sauti juu ya sauti, mpaka hakuna pa kuingilia. Orca inaanza na utupu na haina haraka ya kuujaza. Na faili lake ni maandishi matupu. Wimbo wangu mzima haufiki hata kilobaiti moja. Unaupeleka kwa bando lililobaki baada ya bando kuisha.

Mimi na mwenzangu tulishajaribu kupiga pamoja kwa simu. Ilikuwa aibu. Tulipokuwa Kampala, mapigo yetu yakichanganywa yalikuwa kama 8 kwa sekunde, maana yake kati ya langu na lake kuna sehemu ya nane tu ya sekunde. Simu kutoka Nagongera mpaka aliko inachelewa zaidi ya hapo, na ucheleweshaji wenyewe unabadilika kila mara. Pigo langu lilimfikia wakati wimbo umeshapita. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, halafu tukaongea habari za mama zetu.

Mwezi uliopita nikamtumia faili la Orca. Mstari wa juu ni wa omunazi, umepangwa, haubadiliki. Mstari wa chini ni wake, na kwa kuwa hayupo niliujaza R, ili mashine imchagulie noti kwa bahati ndani ya zile alizozoea. Nilijivunia sana. Nilimwandikia: sikia, bado unapiga huku.

Hakujibu siku tatu; anafanya kazi ya usiku ghalani. Siku ya nne faili likarudi, jina lilelile. Mstari wa juu hakuugusa. Mstari wa chini alikuwa ameufuta wote. R zangu zote zimeondoka, zimebaki nukta, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chini yake kulikuwa na sauti ya sekunde 40. Kompyuta yake inapiga sehemu ya omunazi, na yeye anagonga meza kwa vijiko viwili, katikati, mahali pake. Kwenye sekunde ya ishirini na kitu anapotea. Unamsikia akisema "aa, bana", unasikia vijiko vinatafuta, halafu anaingia tena. Vijiko havina noti, ni kelele tu za meza, lakini nikiziweka pamoja na vibao vyangu hapa chumbani, ule wimbo ambao hakuna aliyeupiga ulitokea. Hafifu, lakini ulikuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaoniuliza wapakue ipi ni huu. Anza na mbao. Tafuta rekodi ya Nakibembe Embaire Group kutoka Busoga, iliyotolewa 2023 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala, usikie watu kadhaa kwenye marimba moja kubwa iliyowekwa juu ya shimo. Kama uko karibu na mzee mwenye ndara, nenda kwa mzee kwanza. Halafu pakua unachotaka. Chora visanduku vyako mwenyewe, na usikubali noti 12 kama ndizo ulizozaliwa nazo. Tumia Euclid, ila fundo ulifunge wewe kwa mguu wako. Na ukimaliza kupanga, chagua mstari mmoja, ule unaokuvutia zaidi kuujaza, uufute uwe nukta. Usipofanya hivyo utakuwa na mashine inayopiga vizuri, na wewe umekaa kando kama mgeni kwenye sherehe yako.

Mwenzangu ameandika tena jana usiku. Hakusifu wala hakulaumu. Anasema 120 ni kasi mno kwa vijiko, nipunguze mpaka 90, na safari hii nisiongeze kitu.

Nimepunguza.